Kamba ya Koko Nabintu

Harufu ya ndagala wanaokaushwa juani haifanani na harufu ya samaki wengine. Ina ukali kidogo, ina utamu kidogo, na jua la saa saba likishawaka inapanda juu ya kuta, inaingia katika nguo, katika mito ya kulalia, hata katika chai. Wanangu huiita uvundo na kufunga madirisha. Mimi nikiinusa, hata katikati ya soko na kelele zake zote, mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe kana kwamba umeshika kamba. Nimepita miaka sabini. Nimekuwa karani, nimekuwa mume, nimezika mke, na sasa ni msomaji wa masomo kanisani. Lakini mkono huo umebaki kuwa wa mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeishi hapa hapa Cibitoke, mtaa wa Bujumbura, katika rupango ya baba yake, maana ndivyo tunavyouita uwanja wa nyumba uliozungushiwa ua. Katika kiangazi kimoja mtoto huyo alitenda jambo ambalo hakulieleza lote kwa mtu yeyote, hata kwa padri.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chumba kimoja cha udongo chenye paa la mabati. Baba alikuwa amewapa watu wawili waliovuka mto Rusizi wakati wa vurugu za Kongo: bibi kipofu aliyeitwa Nabintu, na mjukuu wake Byamungu, wa umri wangu. Sote tulimwita bibi huyo Koko, kama Wakongomani wanavyowaita bibi zao. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Wazazi wa Byamungu hawakutajwa. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu, “Balibakia kule,” na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo la mwisho nilijua nisiulize tena.

Koko aliishi kwa ndagala. Baba Zuhura, fundi wa magari wa Buyenzi, Mwislamu mwenye kofia iliyokuwa nyeupe kabla haijakutana na grisi, alikuwa akimletea samaki wabichi kutoka ufukweni, na baada ya siku mbili alikuja kuwachukua wakiwa wakavu. Koko aliwaanika juu ya mabati ya zamani, kisha akakaa kwenye mkeka kuwachambua. Vidole vyake vilikimbia juu ya samaki hao wadogo, vikitoa mchanga, vikitoa konokono, vikimtupa pembeni aliyeanza kuoza. Mama yangu, mwenye macho mawili mazima, hakuweza kuwachambua vile. Na saa ya kula ilipofika, tulikula watatu kutoka sahani moja, Koko, Byamungu na mimi, ugali wa muhogo na ndagala waliopikwa kwa mawese. Koko alipapasa sahani na kusukuma rundo kubwa la samaki upande wangu. “Uyu wa baba iko na njaa ya mbali,” alisema, “tumbo yake ilikuwa na njaa mbele ya kuzaliwa.” Byamungu alilalamika, “Na mi, Koko?” Naye akamjibu, “We utakula kesho. Mugeni anakula leo.” Mgeni nilikuwa mimi, katika rupango ya baba yangu mwenyewe. Tulicheka mpaka mawese yakatutoka puani.

Kiangazi hicho baba aliamua kuongeza vyumba, na udongo wa matofali ulichimbwa hapo hapo uwanjani, kati ya chumba cha Koko na choo. Watu wa Bujumbura wanajua kazi hiyo: unachimba, unamwaga maji, unauacha udongo ulale, kisha watoto wanaingia kuukanyaga kwa miguu mpaka ulainike, ndipo wakubwa wanafyatua. Byamungu na mimi ndio tuliokuwa wakanyagaji. Tulikanyaga tukiimba, matope yakitufika kwenye vifundo vya miguu, upande mwingine magotini. Kabla ya shimo hilo Koko alikwenda chooni peke yake kwa kuhesabu hatua, na hakuna kitu alichokionea fahari kama hicho. Aliweza kuongozwa sokoni, aliweza kuongozwa kanisani, lakini chooni, alisema, mtu mzima anakwenda mwenyewe. Sasa shimo lilikuwa limekula hatua zake. Byamungu ndiye aliyebuni kamba. Tuliomba kamba ya katani kwa baba, tukaifunga kutoka mlangoni kwa Koko hadi kwenye nguzo ya choo, ikipinda kwenye kigingi na kulizunguka shimo kwa mbali. Juu yake Byamungu alifunga vifundo vya kumwelekeza: kimoja, kuna jiwe, viwili, unakaribia kugeuka, vitatu, umefika.

Ncha mbili nilizifunga mimi. Baba yangu alifanya kazi bandarini, kufunga maturubai juu ya malori yanayopanda milimani, na alinifundisha fundo lake, lile ambalo kadiri mzigo unavyolivuta ndivyo linavyozidi kukaza, na kulifungua ni lazima ujue uzi wa kuvuta. Nilijaribu kumfundisha Byamungu. La kwake lililegea kila mara, na tulilicheka. Koko alipolishika fundo langu kwenye nguzo, alilizungusha kwa vidole muda mrefu, kama anayemchambua samaki. Kisha akasema, “Iyi haitalegea, Gaspari. Haitalegea mpaka Yesu arudie.” Sijawahi kupata sifa nyingine iliyonifurahisha namna ile, na nimepata sifa nyingi nisizostahili.

Byamungu na mimi tulikuwa tukijiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Katekista wetu alikuwa mtu mwembamba mwenye baiskeli isiyo na breki, mpole, aliyefundisha kama anayewaza kwa sauti. Siku moja alitueleza kwa nini Mungu, alipotoa sheria, aliwataja kwa namna ya pekee mjane, yatima na mgeni, kisha akakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani. “Kwa nini kiziwi? Kwa sababu hatasikia umemutukana. Kwa nini kipofu? Kwa sababu hatajua ni nani aliweka jiwe. Hapo duniani hakuna shahidi. Ndiyo maana sheria inamaliza kwa kusema: umwogope Mungu.” Siku hiyo hiyo alitusimulia juu ya yule mtu wa zaburi aliyelia kwamba matusi ya adui angeyavumilia, lakini aliyemuumiza alikuwa rafiki yake, mtu aliyekula chakula chake kisha akamwinulia kisigino. Byamungu alinipiga teke kidogo chini ya benchi na kuninong’oneza, “Kisigino yako iko wapi? Inua nione.” Tukacheka, tukafukuzwa nje wote wawili.

Mtaani kwetu alikuwepo mvulana aliyeitwa Deo, aliyekuwa na mpira wa ngozi. Sisi wengine tulicheza na mpira wa majani makavu ya migomba, uliofungwa kwa kamba, ambao ukipigwa kwa nguvu hufumuka. Wa Deo mjomba wake aliutoa Kinindo, kwa Wazungu aliokuwa akiwatunzia bustani. Ulikuwa umechunika, lakini ulidunda. Ni mtu ambaye hajawahi kuwa mtoto maskini tu atakayeuliza inawezekanaje mtu auze rafiki kwa kitu kinachodunda. Nilimsogelea yeye na wenzake wiki nzima, nikiokota mpira ulipotoka nje, mpaka Jumatano moja asubuhi Deo akaniita.

“We Gaspari, unajua kucheza?”

“Najua.”

“Mi sichezi na boyi ya Bakongomani.”

“Mi si boyi ya mutu.”

“Apana? Na ile kamba, unafungiaka nani? Unamufunga ule mama kama mbuzi, kisha unasema we si boyi.” Wenzake wanne waliangua kicheko, na mmoja akalia kama mbuzi. Deo aliuweka mpira chini ya mguu. “Utufanyie sinema kidogo. Peleka kamba kwa matope. Aingie, atoke amevaa soksi ya matope. Tucheke, basi. Kesho we ni namba tisa.”

“Ataumia.”

“Kwa matope? Kwani matope iko na meno?”

Mama alikuwa sokoni, baba kazini, na Byamungu alikuwa ameondoka na Baba Zuhura kupeleka samaki. Wavulana walijipanga nje ya ua wa matete, macho yao yakichungulia katika nafasi za matete. Kwenye nguzo ya choo nilivuta ule uzi ninaoujua mimi na baba tu, fundo likafunguka. Niliichukua ncha ya kamba nikaifunga kwenye nguzo ya kibanda cha kukaushia matofali, ng’ambo ya shimo, ili ipite juu ya ile pembe ambayo juzi yake nilikuwa nimesimama na matope kifundoni. Jana yake jioni, nikiwa kwenye katekismu, baba alikuwa ameichimba pembe hiyo hadi kifuani mwa mtu mzima na kuijaza maji ili udongo ulale. Kwa juu ilionekana vile vile, kahawia na tulivu. Hilo silisemi ili kujitetea. Rundo la udongo mpya lilikuwa pale. Sepetu la baba lilikuwa pale. Mtoto aliyeshinda kiangazi chote ndani ya shimo lile angejua kusoma alama hizo kama angetaka, ila nilifunga fundo nikiwa nimelipa shimo mgongo, na jicho lililokataa kutazama haliwezi kusema halikuona.

Koko alitoka saa yake ya kawaida, akiimba kwa pua. Alishika kamba, akapita kifundo cha kwanza. Kwenye viwili alisimama. Nadhani mguu wake uliona kwamba ardhi inashuka mahali isiposhuka. Aligeuza uso upande wangu, maana alitambua watu kwa pumzi, akaniuliza, “Gaspari? Uko apo?”

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilizuia pumzi.

Alingoja. Kisha akafanya kile ambacho kimenitafuna zaidi ya anguko lenyewe: aliuacha mguu wake, akaiamini kamba. Aliivuta mara mbili, akaona imekaza, akaenda.

Wavulana walicheka kwanza, nadhani kabla hawajaona. Halafu nikasikia nyayo zao zikikimbia. Nyonga yake iligonga ukingo mgumu, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya kuni inayovunjwa gotini. Alizama hadi kidevuni, mkono mmoja ungali umeshika kamba, akining’inia na uzito wake wote, na fundo langu halikulegea. Ndilo lililomwokoa asizame. Nilisimama pale pale. Byamungu ndiye aliyeingia kwa lango wakati huo akiwa na beseni tupu kichwani. Alilitupa akaruka ndani ya shimo, akimwita kwa lugha yao ya huko, na mimi nikaanza kupiga kelele za kuita majirani, kwa sauti kubwa, kama mtu mwema.

Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wengi wanapoisema methali hiyo hujiona wao ndio wenye nguo. Majirani walimtoa Koko na kumlaza mkekani, mzee mmoja anayejua mifupa akaletwa. Uwanja ulijaa watu, kila mmoja akiuliza nani aliyehamisha kamba. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilijibu kabla ya kuulizwa. Nilisema, “Ni Byamungu. Asubuhi alikuwa anaichezea.” Mama mmoja jirani alimzaba Byamungu kofi lililomwangusha. Aliinuka, matope yamemganda mpaka kwenye nyusi, akaenda hadi kwenye nguzo ya kibanda akalitazama fundo. Kisha akanitazama. Nilijua anajua, naye alijua kwamba najua, na kati yetu kulikuwa na watu ishirini ambao wangemwamini mwana wa mwenye rupango.

Baba aliitwa kutoka kazini, akafika jioni. Alisikiliza, kisha akaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Aliweka kidole juu ya fundo. Nilimwona akisimama vile kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu. Halafu alifanya jambo ambalo watu hawakulielewa, ila watatu tu, yeye, Byamungu na mimi. Alijigeuza, mgongo wake mpana ukalifunika fundo watu wasilione, akavuta ule uzi mara moja, fundo likaisha. Aliizungusha kamba kwenye kiwiko kama anavyozungusha za bandarini, akatoka akisema, “Mutoto anayetega koko yake, mi siwezi kumuchunga mu rupango yangu. Siku ya Mungu, saa za mangaribi, wawe wametoka.” Damu ni nzito kuliko maji, wanasema, kana kwamba hilo ni jambo la kumsifu mtu. Baba hakunipiga. Hakuniuliza lolote, siku hiyo wala siku nyingine mpaka tukamzika. Kesho yake alininunulia viatu vyeupe vya Komunyo.

Toka Jumatano hadi Jumapili ni siku nne. Nasisitiza, kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani ilikuwa dakika moja ya utoto, mtoto akateleza. Nilikuwa na siku nne, na neno moja langu lingewabakiza katika chumba chao. Ijumaa katekista, aliyekuwa amesikia habari, alilifuta jina la Byamungu katika orodha, mbele ya darasa. Hakumpigia kelele. Alikuwa na machozi. Akatuuliza sheria ya Mungu inasema nini juu ya kipofu. Nikainua mkono. Nilijibu bila kukwama, nikaongeza na laana ile iliyotangazwa juu ya mtu anayempoteza kipofu njiani, ambayo hata hakuwa ameiuliza. Alisema, “Vizuri sana, Gaspari. Muone, mwenzenu ameshika.” Byamungu aliichukua kofia yake akatoka. Jumamosi tuliungama. Nilimwambia padri nimeiba sukari mara tatu na nimemjibu mama vibaya. Alinipa Salamu Maria tano, nami nikazisali zote kwa uangalifu.

Jioni hiyo mama alinituma kwa Koko na uji. Alikuwa amelala chali, mguu umefungwa vijiti, chumba kinanuka ndagala waliokosa kuanikwa. Byamungu alitoka nilipoingia. Koko alikunywa kidogo, kisha akaniuliza, “Kamba iko wapi?” Nikamwambia baba ameiweka. “Wanasema ni mutoto wangu aliifunga.” Nikaukoroga uji. “We unasema nini?” Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwingine mlango na kusogea pembeni ili apite. Kijiko kiligonga bakuli, na bila shaka alikisikia. Nilisema, “Sijui, Koko. Mi sikukuwako.” Akafumba macho ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa. “Basi,” alisema. “Uende, uji ya baba yako nayo itapoa.”

Jumapili nilipokea Komunyo. Nyumbani kulikuwa na wali, kuku na Fanta, na wageni walikaa chini ya turubai ambalo baba alilifunga mwenyewe. Mchana Baba Zuhura alikuja na wanaume watatu wa Buyenzi na ngobyi, ile machela ya matete ambayo kwetu hubebewa wagonjwa, kwa sababu Koko hangeweza kukaa kwenye gari. Kuna desturi ya milimani ambayo mjini pia ilishikwa: mgonjwa akitolewa katika rupango, mwenye rupango hutoa bega lake, japo hadi langoni. Baba Zuhura alingoja, amesimama na mti mmoja wa ngobyi mkononi. “Mzee, bega,” alisema. Baba alijibu kwamba bega linamuuma. Wageni walitazama sahani zao. Mwislamu wa mtaa mwingine akambeba mjane Mkristo, na sisi tuliotoka kumla Kristo asubuhi tulibaki tumekaa.

Byamungu alikuwa akifunga vitu vyao: mkeka, sufuria, beseni, mabati mawili ya kuanikia. Mama, ambaye hakujua lolote, alikuwa amempa ile kamba afungie mzigo. Aliizungusha, akafunga, ikalegea. Akafunga tena. Kisha akainua kichwa na kuniita kwa sauti iliyofika meza zote.

“Gaspari! Kuja unifungie. Mi, fundo yangu inalegeaka.”

Wageni walicheka, wakidhani ni utani wa watoto. Mmoja akasema, “Nenda mutoto, usaidie mwenzako.” Nilimtazama baba, akatazama pembeni. Nilivuka uwanja na viatu vyangu vyeupe, nikalipita shimo, nikapiga magoti mbele ya mzigo ule, na kwa kuwa sikujua fundo jingine, nikalifunga lile lile. Byamungu alisimama juu yangu akiangalia vidole vyangu mpaka nilipomaliza. Aliubeba mzigo hadi kwenye ngobyi na kuuweka miguuni mwa bibi yake. Koko alinyoosha mkono, akaipapasa kamba, akalipata fundo, akalizungusha taratibu kwa vidole.

“Iyi haitalegea,” alisema. Hakuendelea. Wakambeba.

Mpira wa Deo niliucheza siku tisa, kisha ukapasuka. Koko, nilivyosikia baadaye kwa Baba Zuhura, alifia upande wa Uvira kabla ya mwaka kwisha, bila kutembea tena. Nikiwa na miaka arobaini nilivuka mpaka nikaenda kuuliza katika soko la samaki. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipima ndagala alinicheka: “Byamungu gani, papa? Apa ukiita Byamungu, nusu ya soko inageuka.” Nilisimama kidogo, nikarudi. Nilitafuta siku moja tu katika miaka sitini, na hata hiyo sijui kama nilitaka kumpata.

Wanasema mchimba shimo huingia mwenyewe, na Biblia nayo inasema hivyo. Mimi nimengoja. Nilipooa nilidhani itakuwa kwa mke, nilipozaa nikadhani itakuwa kwa watoto, nilipozeeka nikasema sasa itakuwa macho. Macho yangu ni mazima. Nasoma bila miwani, na ndiyo sababu nilipewa kazi ya kusoma masomo katika misa ya Kiswahili. Wanasema pia kwamba majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao saba, na majuto yangu ni makubwa kwa umri kuliko baba zao. Nalala katika chumba kilichojengwa kwa matofali ya shimo lile. Lipu ilibanduka mwaka jana karibu na kitanda changu, na kwenye tofali moja zimeonekana alama za vidole vinne vya mtoto aliyelilainisha. Vinaweza kuwa vyangu, vinaweza kuwa vyake. Fundi alikuja na saruji nikamrudisha.

Mwaka huu, Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, somo lilikuwa lile la kipofu na kikwazo. Hurudi kila Kwaresima, na miaka iliyopita nilijifanya mgonjwa. Safari hii nililisoma. Sikukwama hata neno moja. Baada ya misa padri, kijana wa Gihosha, alinishika mkono akasema, “Mzee, leo umesoma vizuri sana.” Nilikaa kwenye benchi mpaka kanisa likawa tupu. Mchana huo nilimweleza mwanangu mkubwa habari hii, karibu yote. Alisikiliza kwa heshima, akaitazama simu yake mara mbili, akasema, “Papa, mulikuwa batoto.” Ndiyo msamaha nilioupata, kutoka kwa mtu asiyedaiwa kunisamehe.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo mwanamke aligonga lango. Wakongomani wamevuka tena mwaka huu, wengi, kwa miguu. Alikuwa na beseni kichwani na msichana mdogo mkononi, na alitafuta chumba. Mwanangu alimwambia, “Nafasi apana, mama.”

“Hata cha nyuma, papa? Hata kidogo?”

“Apana. Kimepangwa.”

Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu tangu Krismasi. Rupango hii ingali kwa jina langu, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa katika mfuko wangu wa kulia. Nilikuwa nimekaa kibarazani, hatua chache kutoka langoni. Mwanamke alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mzee, akangoja. Nilitia mkono mfukoni nikaushika ufunguo. Mwanangu alifunga lango. Nilipoinuka na kulifungua, walikuwa wamefika mwisho wa barabara, na macho yangu mazima yaliwaona vizuri kabisa, beseni, kitenge, miguu ya mtoto yenye vumbi, mpaka walipokata kona. Sikuwaita. Nilipoutoa mkono mfukoni na kuufungua, ufunguo ulikuwa umeacha alama yake kiganjani, pale pale inapopita kamba.